Ndege ndogo huangushwa na nini? Jibu kwa muuguzi anayesafiri Mafia

"Mimi ni muuguzi, kazi yangu iko Mafia na familia iko Dar. Mara moja au mbili kwa mwezi napanda zile ndege ndogo za pangaboi moja, mara nyingine nikiwa na mwanangu wa miaka minne. Tangu ajali ya Bukoba ya mwaka 2022 sina amani, na kila nikisikia kuna ndege ndogo imeanguka mahali, silali. Shemeji yangu anasema injini moja ikizima ndege inashuka kama jiwe, na ikiingia kwenye shimo la hewa rubani hana la kufanya. Mwenzangu kazini anasema yote ni uzembe wa marubani. Safari iliyopita tulicheleweshwa saa tatu, kisha mizigo yetu ikapunguzwa, nikaona hata wao hawaiamini ndege yao. Hizi ndege huangushwa na nini hasa? Niendelee kupanda au nirudi kwenye boti ya Nyamisati?"

Dada yangu, nianze na hiyo safari ya mwisho, kwa sababu hapo ndipo ulipokosea zaidi, na umekosea kwa heri. Kucheleweshwa saa tatu na kupunguziwa mizigo umekuona kuwa dalili mbaya. Mimi niliyekaa kiti cha rubani zaidi ya miaka ishirini, na sasa nafundisha, naiona hiyo ndiyo safari bora katika zote ulizonieleza. Nitarudi hapo. Kwanza tumalizane na shemeji.

Bukoba, Novemba 6, 2022: ndege iliyoingia Ziwa Victoria ilikuwa ATR 42, yenye injini mbili na marubani wawili. Ilikuwa na watu 43, wakafa 19. Nakukumbusha hilo kwa sababu watu wengi baada ya msiba ule waliogopa ndege za injini moja, wakati iliyozama ilikuwa na mbili. Ilikuwa inatafuta kutua katika hali mbaya ya hewa, na katika hali kama ile idadi ya injini haikusaidii kitu.

Kwa maelezo yako naamini unapanda Cessna Caravan. Ile injini iliyoko puani ni ya tabaini, yaani huzungushwa na gesi ya moto, inatumia mafuta ya taa ya ndege, na ina vipande vichache vinavyosuguana kuliko injini ya gari lako. Haizimi ovyo. Lakini tuseme imezima. Ndege haibebwi na injini, hubebwa na mabawa. Kazi ya injini ni kuyasukuma yapate upepo. Injini ikinyamaza, rubani anainamisha pua kidogo na ndege inaanza kuteleza, kama baiskeli uliyoacha kuikanyaga kwenye mteremko. Kwa kila futi 1,000 za kimo, ndege ya aina hiyo huteleza angalau kilomita mbili na nusu. Ukiwa futi 8,000 una kilomita 20 za kuchagua pa kushukia, na mlango wa bahari kati ya delta ya Rufiji na Mafia hauzidi sana upana huo. Tena sheria ambazo Caravan iliundwa chini yake ziliitaka ndege ya injini moja iweze kutua polepole: yenyewe hubaki hewani mpaka mwendo wa kilomita 113 kwa saa hivi. Kuna madereva wa mabasi ya Mtwara wanaokwenda hivyo bila mabawa.

Ila shemeji hajakosea kabisa. Kuna mahali ambapo injini kuzima ni janga, nako ni mara tu baada ya kuruka, ndege ikiwa futi mia mbili au tatu. Hapo hakuna kimo cha kutumia. Na kinachoua hapo mara nyingi ni mkono wa rubani kuliko ile injini. Kila kiungo cha mwili kinamwambia ageuke arudi kwenye ile lami nzuri aliyotoka kuiacha. Anageuka kwa ukali, anavuta pua juu ili asiguse miti, na bawa linaacha kubeba.

Hilo la bawa kuacha kubeba nataka ulielewe vizuri, maana limeua watu wengi. Siku ukiwa kwenye gari, toa kiganja nje ya dirisha, kilale bapa. Kiinue kidogo upande wa mbele: upepo unakinyanyua. Kiinue zaidi: kinanyanyuka zaidi. Endelea, na kuna hatua utaona kiganja hakipandi tena, kinasukumwa nyuma tu na kutetemeka. Bawa nalo liko hivyo hivyo. Likifika nyuzi 15 hivi dhidi ya upepo unaolijia, hewa iliyokuwa inateleza juu yake inabanduka, na ubebaji unapungua ghafla, hata kama injini inanguruma vizuri kabisa. Marubani tunasema ndege imestoli. Dawa yake ni rahisi kuitamka: shusha pua, bawa lishike upepo tena. Ukiwa futi 5,000 unafanya hivyo na kuendelea na safari. Mimi na wanafunzi wangu hufanya kwa makusudi. Ukiwa futi 200, kushusha pua ni kuielekeza ndege kwenye paa la mtu, na moyo unakataa.

Kona inazidisha. Ndege ikilala nyuzi 60 pembeni bila kupoteza kimo, mabawa hubeba uzito mara mbili, na mwendo ule wa kustoli hupanda kwa asilimia 40 hivi. Ndiyo maana kona kali karibu na kiwanja, mwendo ukiwa mdogo, ni jambo tunalowakemea wanafunzi mpaka sauti inakauka.

Sasa mashimo ya hewa. Hayapo, dada. Anga haina mashimo, kama bahari isivyo na mashimo. Kilichopo ni hewa inayopanda na inayoshuka. Jua likipiga mchanga na mabati, hewa ya hapo inapanda. Juu ya mikoko na maji yaliyopoa inashuka. Ndege ikivuka ule mpaka inarushwa juu, inaangushwa chini, na tumbo lako linasema mmeanguka futi elfu wakati geji inaonyesha thelathini au hamsini. Utagundua mtikisiko unaanza pale pale mnapovuka pwani kuingia bara. Hautavunja bawa. Atakayeumia ni yule asiyefunga mkanda. Ukitaka safari laini chukua ndege ya asubuhi, kabla ardhi haijapata moto.

Wingu la radi ni habari nyingine. Chini ya wingu lile zito jeusi, hewa baridi na mvua huporomoka pamoja, zikigonga ardhi zinatawanyika pande zote. Ndege inayotua hapo kwanza inapata upepo wa mbele, inanyanyuka, rubani anapunguza nguvu. Sekunde chache baadaye upepo ule ule unakuwa wa nyuma, mabawa yanakosa mwendo, na ardhi iko karibu. Hata ndege kubwa za abiria zimeangushwa hivyo. Masika na vuli mawingu haya hukua mchana kama uyoga, na dawa yake ni moja: kutokwenda.

Lakini kama ningeulizwa kitu kimoja kinachomaliza ndege ndogo zilizo nzima, rubani akiwa mzima na mafuta tele, ningesema ni kutoona nje. Hapa nikusimulie la kwangu.

Nilikuwa na miaka 27, na ndege ya viti sita, kwenye kisiwa kimoja cha pwani yetu. Abiria watatu. Mmoja alikuwa na maboksi ya kambakochi kwenye barafu, na barafu ilikuwa inayeyuka, maji yanachuruzika kwenye saruji ya kibanda cha abiria. Upande wa bara kulikuwa na pazia la mvua. Kila baada ya dakika tano bwana yule ananiwekea simu sikioni nimsikie mnunuzi wake anavyofoka. Nikaruka. Dakika ya sita au ya saba hivi, bahari na mbingu vikawa rangi moja, kama tuko ndani ya sufuria ya bati. Upeo wa macho ukapotea. Mwili wangu wote uliapa kwamba tumenyooka. Nikatazama geji: bawa la kushoto limelala, kimo kinashuka. Na unajua fikra yangu ya kwanza ilikuwa nini? Kwamba geji imeharibika.

Ndani ya sikio, kama ulivyofundishwa chuoni, kuna mifereji yenye majimaji inayokuambia umegeuka. Chukua karai la maji ulizungushe taratibu. Mwanzoni karai linazunguka na maji yamesimama. Baada ya muda maji yanazunguka pamoja na karai, na ukitazama maji peke yake huoni tofauti tena. Sikio nalo hivyo hivyo: kona ikianza polepole na kudumu, baada ya nusu dakika linakwambia hakuna kona. Ukiinyoosha ndege, linakwambia sasa ndiyo umelala, nawe unairudisha kwenye kona ile ile ukidhani unaisahihisha. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwajaribu watu 20 wasio na mafunzo ya kurusha kwa geji, wakiwazuia kuona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Wastani ulikuwa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu.

Mimi nilinyoosha mabawa kwa macho yaliyoganda kwenye geji, nikageuka polepole nikarudi nilikotoka. Kambakochi waliharibika. Bwana yule hakunisemesha tena, na mchana tulikula wali kwa mama lishe mmoja kila mtu kwenye benchi lake.

Wengine hukutana na mlima. Juni 5, 2018, Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare iliyofunikwa na mawingu. Watu wote 10 walikufa, na mabaki yalipatikana siku mbili baadaye. Njia yako wewe haina milima, hilo ni jambo la kushukuru. Na kuna ajali za nadra zaidi, kama ile ya Machi 5, 2024, ndege ya mafunzo ya Cessna 172 na Dash 8 ya abiria zilipogongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Wawili wa ile ndogo walifariki, kubwa ikarudi salama kiwanja cha Wilson, Nairobi.

Turudi kwenye mizigo yako. Agosti 25, 2001, mwimbaji Aaliyah na wenzake walitaka kuondoka Marsh Harbour, Bahamas, na ndege aina ya Cessna 402. Ndege ilizidi uzito unaoruhusiwa kwa zaidi ya kilo 300, na mzigo ulikaa nyuma mno. Iliinuka, ikaanguka karibu na mwisho wa njia ya kurukia. Watu 9 walikufa. Uzito ukizidi, ndege inahitaji njia ndefu zaidi na mwendo mkubwa zaidi ili ipae. Lakini mahali mzigo ulipokaa panaweza kuwa pabaya kuliko uzito wenyewe. Ndege ni kama pembea ya ubao: mzigo ukirundikwa nyuma, pua inapanda yenyewe kuelekea zile nyuzi 15, na rubani anasukuma usukani mpaka mwisho bila kuitikiwa. Kwa hiyo yule dada wa kaunta anapokupandisha wewe mwenyewe kwenye mizani mbele ya watu, akakunyima begi la tatu, kisha rubani akamhamisha mzee mnene kiti cha mbele, usinune. Wanapiga hesabu ya pembea.

Hesabu hiyo hubadilika na joto pia. Mafia mko usawa wa bahari, hewa ni nzito, bawa linashiba. Wilson, futi 5,500 hivi juu ya bahari, siku yenye joto la nyuzi 25, ndege hujiona kama iko futi 8,000. Mzigo uliobebeka Mafia asubuhi, huko mchana unaweza usibebeke.

Mafuta nitayapitia haraka, maana hapa abiria anaweza kuona kwa macho yake. Ndege ikilala nje usiku wa mvua, maji yanaweza kuingia kwenye tangi, nayo hukaa chini kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta. Asubuhi utamwona rubani anainama chini ya bawa na kikombe cha plastiki angavu, anachota kidogo, anakiinua kwenye mwanga. Anatafuta shanga za maji chini ya kikombe. Akizikuta anamwaga na kuchota tena mpaka ziishe. Ukimwona anafanya hivyo, tulia. Kazi yake anaijua.

Sasa mwenzako wa kazini na "uzembe". Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya ajali za ndege ndogo hutokana na maamuzi ya binadamu kuliko chombo kuharibika. Lakini neno uzembe linafunga mlango mapema mno. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ambacho wachunguzi wa ajali za ndege duniani hukifuata, kinasema wazi kwamba lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Mchunguzi akishajua rubani aliingia mawinguni, ndipo anaanza kuuliza: alilala saa ngapi? Nani alimpigia simu? Taarifa ya hali ya hewa aliipata wapi? Angerudi, mwajiri angemwambiaje? Na abiria walikuwa wanasema nini?

Hilo la mwisho halikuulizwa siku yangu ya kambakochi, kwa sababu nilirudi. Nisingerudi, wangeandika kwamba rubani aliingia kwenye mvua kwa uamuzi wake mwenyewe, na wangekuwa sahihi. Simu ile iliyowekwa sikioni mwangu isingeandikwa popote. Abiria hudhani anakabidhi maisha yake kwa rubani na kazi yake imeisha, kumbe ile kelele ya kaunta, "tumelipa nauli, mbona wenzenu wameondoka", ni mzigo mwingine unaopanda ndegeni bila kupita kwenye mizani. Rubani wako alikaa saa tatu akisikia maneno hayo, na hakuondoka.

Boti je? Nisikudanganye kwamba kila kisemwacho juu ya usalama wa ndege kubwa kinahamia kwa ndege ndogo, hakihamii. Ndege ndogo zina ajali nyingi zaidi kwa saa za kuruka kuliko zile kubwa za ratiba. Lakini tofauti ni kubwa pia kati ya kampuni yenye leseni ya kubeba abiria, inayokaguliwa, na mtu binafsi anayejirushia ndege yake. Na bahari haijatuhurumia. Spice Islander ilizama Nungwi Septemba 2011 ikiwa imejaza kupita uwezo. Skagit ilizamishwa na bahari ya kusi karibu na Chumbe Julai 2012. Ukitazama ni yale yale, uzito na hali ya hewa. Ongeza na barabara ya kukufikisha Nyamisati, ambayo usiisahau kwenye hesabu. Mimi ningekuwa wewe ningepanda ndege, ya asubuhi, na siku ambayo bahari na anga vyote vimechafuka ningelala Mafia.

Ukiwa ndani, hesabu viti kutoka chako mpaka mlangoni kwa kuvigusa, maana kwenye maji au moshi utakwenda kwa mikono. Caravan magurudumu yake hayakunjwi. Ikishuka majini yanaweza kuchimba na kuipindua, ujikute kichwa chini. Shika kitu kimoja kwa mkono, ndipo ufungue mkanda. Jaketi okozi livae, usilijaze upepo mpaka umetoka nje. Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaishiwa mafuta na kuangukia baharini Komoro. Wako waliojaza majaketi wakiwa bado ndani, yakawabana darini maji yalipopanda. Kati ya watu 175 walikufa 125. Mwanao wa miaka minne ana haki ya kiti na mkanda wake. Hata akilia, usimfungue ukampakata. Ndege ikisimama ghafla hakuna mikono ya mama inayoweza kumshikilia.

Kuuliza unaruhusiwa. Kabla ya kupanda mwambie rubani, kwa adabu, "Kapteni, hali ya hewa ikoje huko mbele?" Anayejua kazi atakujibu kwa sentensi mbili tatu bila kukasirika. Ukiona watu wamezidi viti, mizigo imezagaa kwenye njia ya mlango, au rubani ananuka pombe, shuka, na uandike kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ukitaja tarehe, saa na namba iliyoandikwa ubavuni mwa ndege. Tiketi itatafutwa tena.

Kuhusu usingizi, hapo nakurudisha kwenye fani yako. Hofu ya siku ya safari ni ya kawaida, hata mimi nikiwa abiria mikono hutoka jasho. Lakini umesema kila habari ya ajali inakunyima usingizi, na hali hiyo inaendelea tangu mwaka 2022. Kama moyo unakwenda mbio na pumzi inabana hata siku usizosafiri, mwone daktari au mshauri wa saikolojia ana kwa ana; maelezo yangu ya mabawa hayatoshi kwa hilo. Na ukiweza, nenda kwenye chuo cha urubani kilicho karibu, uombe mwalimu akukalishe ndani ya ndege iliyosimama akuonyeshe geji moja moja. Hofu nyingi nimeziona zikipungua kwenye kile kiti.

Safari ijayo, mkitoka Dar, mkalishe mtoto dirisha la kulia. Kabla ya kuvuka maji ataona Rufiji inavyojigawa kwenye mikoko, matawi ya kahawia yakiingia kwenye bahari ya kijani, na hapo mtatikisika kidogo. Mwambie mapema.